Bibi yupo kitabuni, sensa haimjui

Chukua cheti cha ubatizo cha Mkatoliki wa Tanzania, na mahali fulani karibu na jina utakuta herufi mbili, LB, na namba mbele yake. Wengi tunaijua namba hiyo kwa usumbufu wake tu. Padre huiulizia siku ya kuandikisha ndoa, katekista huiulizia siku ya kuandikisha kipaimara, na usipokuwa nayo unarudishwa nyumbani ukamuulize mama. LB ni kifupi cha Liber Baptizatorum, Kilatini cha "kitabu cha waliobatizwa", na namba inaonyesha mstari wako ndani ya kitabu hicho. Kitabu chenyewe kwa kawaida kimelala kabatini katika ofisi ya parokia uliyobatizwa, hata kama siku hizi unaishi Mwanza au Minnesota na hujakanyaga parokia hiyo miaka arobaini.

Anayeanza kutafuta ukoo wake leo huanzia kwenye simu, na simu humpeleka kwa Waingereza na Wamarekani. Huko ataambiwa aanze na sensa, aje kwenye vyeti vya serikali, kisha amalizie na vitabu vya kanisa kwa zile karne za nyuma kabisa. Kwa mtu wa Leeds ushauri huo ni sahihi. Mtu wa Sengerema utampoteza, maana huku kwetu mpangilio umegeuka. Kanisa ndilo lililoandika mapema na kwa kina (kwa Waislamu wa pwani, kadhi), serikali ikafuata kwa kuchagua nani wa kuandikwa, na sensa haikuwa na nia ya kumweka mtu yeyote kwa jina lake. Hakuna aliyewaandika wazee wetu ili wajukuu waje wasome. Padre alikuwa na haja yake, mkusanya kodi na yake, karani wa sensa na yake. Ukiijua haja ya mwandishi unajua daftari lake litakupa nini, na mahali gani litakunyima.

Tumalizane na sensa kwanza. Uingereza iliandika majina ya watu wa kila nyumba tangu sensa ya 1841, na karatasi hizo hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100. Za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, ndiyo maana za 1950 nazo zilifunguliwa mwaka huohuo wa 2022. Mtu wa huko anaweza kumwona babu wa babu yake akiwa na umri wa miaka mitano, jina la mtaa, kazi ya baba, idadi ya ndugu. Tanganyika, katika hesabu za 1921 na 1931, kwa Waafrika serikali ilitegemea zaidi machifu na majumbe waseme watu wao ni wangapi. Sensa ya kwanza iliyotumia makarani waliofundishwa, kwa wakati mmoja katika makoloni ya Afrika Mashariki, ni ya Agosti 1948. Ikaja ya 1957, kisha za baada ya uhuru: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Zote hizo zilitafuta idadi. Serikali ilitaka kujua watu ni wangapi, wa umri gani, wapo wilaya gani. Hata pale karani alipoandika jina la mkuu wa kaya na waliolala humo, Sheria ya Takwimu inazifunga taarifa za mtu mmoja mmoja, na kinachotoka nje ni majedwali. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Bibi yako akiwa hai siku ile, yumo, na hutampata.

Sisemi sensa haina kazi. Ya 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania Bara kuuliza kabila, na majedwali yake yanaonyesha watu wa kabila fulani walikuwa wangapi katika wilaya fulani. Ukisikia nyumbani kwamba "sisi tulikuja Kilosa kutoka mbali", jedwali la aina hiyo linaweza kukuambia kama mlikuja wengi au mlikuwa familia moja iliyopotelea mkongeni. Kenya bado inauliza kabila katika sensa zake, kwa hiyo huko mfululizo ni mrefu zaidi. Lakini hayo ni mazingira ya mtu, na mtu mwenyewe utamtafuta pengine.

Niongeze jambo moja kabla sijaondoka hapa, kwa ajili ya wale wanaodhani wenzetu walipendelewa wote. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mwenye kuwamiliki, bila majina yao. Kwa wengi wao mwaka 1870 ndio wa kwanza kuonekana kwa jina, na Wamarekani weusi wanaotafuta koo zao hugonga ukuta hapohapo. Ireland nayo ilipoteza karibu karatasi zote za sensa za 1821 hadi 1851 jengo la kumbukumbu la Dublin lilipoungua Juni 1922, wakati za miongo iliyofuata serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Sensa kamili ya zamani zaidi waliyobaki nayo ni ya 1901. Kwa hiyo Mwairishi anayemtafuta babu wa babu hufanya vilevile tunavyopaswa kufanya sisi: anakwenda parokiani.

Kwa nini kanisa liliandika? Kwa sababu ya ndoa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika mwaka wake wa mwisho, 1563, uliwaagiza maparoko kuwa na vitabu vya ubatizo na ndoa. Tatizo la Ulaya wakati ule lilikuwa ndoa za siri: mtu ana mke kijiji hiki, anakwenda kijiji cha pili anaoa tena, au anaoa binamu bila mtu kujua. Padre alihitaji kujua nani ni mtoto wa nani na nani tayari yumo ndoani. Ndiyo maana mstari wa ubatizo una jina la baba, jina la mama, msimamizi, tarehe, mahali na aliyebatiza. Mwaka 1907 Papa Pius wa 10 alitoa amri iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, na moja ya masharti yake ni kwamba mtu akifunga ndoa popote, habari ipelekwe parokia aliyobatizwa ikaandikwe kando ya jina lake. Baadaye kipaimara, upadre na nadhiri za utawa navyo vikaingia hapo.

Tazama hilo linafanya nini kwa mtafutaji. Binti aliyebatizwa Kilema, akaolewa Tabora, alitakiwa kurudi Kilema kwa maandishi. Pembezoni mwa mstari wake, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, panatakiwa kuandikwa tarehe ya ndoa, mahali na jina la mume. Watu hufika parokiani, wakapewa cheti chenye jina na tarehe, wakaondoka wameshukuru. Muombe padre akusomee na pembezoni. Nusu ya safari za ukoo wako zipo kwenye sentimita tano za ukingo wa karatasi.

Ili ujue kitabu kipi cha kutafuta lazima ujue nani alifika kwenu, na lini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar 1863 na kuanza Bagamoyo 1868, kisha Kilema, Kilimanjaro, 1890. White Fathers, shirika jingine la Kikatoliki, walipita njia ya Tabora kuelekea maziwa makuu kuanzia 1878, wakawa Bukumbi kusini mwa Mwanza 1883 na Karema 1885. Wabenediktini walianza Peramiho 1898. Waanglikana wa UMCA walikuwa Zanzibar tangu 1864 na Masasi tangu 1876. Wenzao wa CMS walikuwa Mombasa na Rabai tangu siku za mmisionari Krapf, aliyefika 1844, na wakaanzisha Freretown katika miaka ya 1870. Wamoraviani na Misioni ya Berlin waliingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa 1891, Walutheri wa Leipzig wakapanda Kilimanjaro 1893. Babu aliyezaliwa Rungwe 1905 hutamtafuta kwa Wabenediktini, hata kama leo ukoo wote ni Wakatoliki.

Hapa kuna kosa la gharama. Mtu akisikia kwamba kumbukumbu za CMS zipo Birmingham, za UMCA zipo Oxford, za Leipzig zipo Halle, za White Fathers zipo Roma, anaanza kutafuta viza. Huko kuna barua, ripoti, picha na shajara za vituo. Ni hazina kweli, hasa shajara, kwa sababu zinaweza kukuambia siku mvua ilipobomoa kanisa na mwaka chifu alipokataza watoto kwenda kusoma. Lakini vitabu vya ubatizo kwa kawaida vilibaki huku. Nauli ya basi hadi parokia mama inatosha kuanzia.

Nasema parokia mama kwa makusudi. Kijiji chenu huenda leo ni parokia yenye kanisa la vioo, lakini 1938 kilikuwa kigango kinachotembelewa na padre kwa baiskeli mara chache kwa mwaka. Waliobatizwa siku zile wameandikwa kule alikotoka padre. Parokia mpya huanza na kitabu kipya, namba moja, na watu huambiwa "jina halipo" kwa kuwa wameuliza nyumba iliyozaliwa baada ya bibi. Muulize katekista mzee: kabla ya hapa tulikuwa chini ya nani? Na kabla ya hao? Kwa Walutheri swali ni lilelile, badala ya kigango na parokia useme mtaa na usharika. Tena kwa Walutheri na Wamoraviani uwe tayari kukuta mashimo ya miaka ya 1916 hadi katikati ya 1920, na tena kuanzia 1939, kwa sababu wamisionari wengi walikuwa Wajerumani na Waingereza waliwakamata na kuwaondoa. Kazi ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa hapa, na mara nyingine uandishi ulikwenda kombo.

Sasa umefunguliwa kitabu. Kilichoandikwa humo ni Kilatini, na Kilatini hubadilisha miisho ya majina. "Baptizavi Iosephum, filium Petri" maana yake nimembatiza Yosefu, mwana wa Petro. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza nusu siku nikimsaka ndugu aitwaye Iosephum, nikidhani ni jina la kikwetu lililoharibiwa. Ludovicus ni Ludoviko, Iacobus ni Yakobo, Ioannes ni Yohana na ndiye huyohuyo atakayeitwa John kwenye cheti cha shule. Neno circiter mbele ya umri lina maana ya "kama": "annorum circiter 30", miaka kama thelathini. Alikadiria kwa macho.

Vitabu vya Wajerumani vina ugumu wa namna nyingine. Mjerumani aliandika sch tunapoandika sh, tsch kwa ch, dsch kwa j, na mara nyingi w kwa v. Mchaga aliandikwa Dschagga, Mwanza ikaandikwa Muansa. Njia bora ni kusoma kwa sauti. Jina lisiloeleweka kwa macho mara nyingi linajulikana likitamkwa, hasa likitamkwa mbele ya mama mkubwa. Miji nayo ilivuliwa majina na kuvishwa mengine: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, upande wa Kenya, Fort Hall ni Murang'a na Thomson's Falls ni Nyahururu, ng'ambo ya Tanganyika, Albertville ni Kalemie.

Lakini kigumu kuliko lugha ni desturi yetu ya majina. Wazungu wana jina la ukoo linalopita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kwa miaka mia tatu, na mbinu zao zote za utafutaji zimesimama juu ya jina hilo. Huku sehemu nyingi jina la pili la mtu ni jina la baba yake tu. Tuseme mzee wa Kisukuma anaitwa Masanja. Anabatizwa Petro. Mwanawe anaandikwa Yohana Petro, na mjukuu anaandikishwa shule kama Maria Yohana. Vizazi vitatu, na Masanja ametoweka. Ukienda parokiani na "Maria Yohana" mkononi huna lolote, kuna Maria Yohana kumi kila kitabu. Shuka ngazi moja moja: mstari wa Maria ukupe baba yake na mama yake, ndoa ya hao ikupe namba zao za ubatizo, namba hizo zikupeleke kwa Petro. Kitabu cha ndoa ndicho daraja, maana kinataja wote wawili na mara nyingi kinaandika LB zao. Namba yake chenyewe huanza na LM.

Na ukimfikia Petro, tulia. Yeye ndiye Mkristo wa kwanza wa nyumba yenu, na baba yake hakubatizwa, kwa hiyo padre hakuwa na jina la kizungu la kumwandikia. Aliandika jina aliloambiwa. Kama Petro alibatizwa mtu mzima mwaka 1912 akiwa na miaka "circiter 30", basi baba yake huenda alizaliwa miaka ya 1850, kabla misioni yoyote haijafika kwao, na jina lake lipo hapo kwa wino. Katika utafutaji wote huu sijui mstari unaozidi huo kwa thamani.

Wapo pia waliosimama mlangoni wasiingie. White Fathers waliweka ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, wa miaka minne, na sharti la kubaki na mke mmoja. Mzee mwenye wake watatu aliyekataa kuwafukuza wawili hakubatizwa, lakini watoto wake walibatizwa. Huyo usimtafute kwenye mstari wake mwenyewe. Mtafute kwenye mistari ya watoto, akiwa ameandikwa kama baba, pengine na neno paganus, mpagani, kando yake. Ukiona watoto wa baba mmoja wana mama tofauti na miaka inaingiliana, umepata wake wa babu, jambo ambalo huenda nyumbani walikuwa wanalizunguka. Watazame na wasimamizi. Baba wa ubatizo anayejirudia kwa watoto wote wa nyumba moja mara nyingi ni mjomba, mwalimu, au mtu aliyehama pamoja nao.

Bagamoyo, Zanzibar na Freretown zina habari yao. Wengi wa Wakristo wa mwanzo pale walikuwa watoto na watu wazima waliotolewa utumwani, wakapewa majina na misioni. Nafasi ya baba ikawa tupu, au ikajazwa jina la kabila lililokisiwa kutokana na lugha ya mtoto. Kwa wajukuu wa hao njia ya vitabu vya ubatizo huishia hapo, na kusukuma zaidi ni kujitungia. Zanzibar, hata hivyo, amri ya 1897 ilipoondoa hadhi ya utumwa kisheria, wengi waliomba uhuru mbele ya serikali na nyaraka za kazi hiyo zimo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, Unguja. Humo pia zimo hati za mashamba, nyumba na wakfu. Kwa familia za Kiislamu za pwani, pamoja na zile zenye nusu yake Maskati, hati ya wakfu ndiyo Liber Baptizatorum yao: mweka wakfu anawataja watoto, wajukuu, na wakati mwingine waliokuwa watumwa wake, kwa majina yenye bin na binti yanayorudi nyuma vizazi viwili au vitatu. Madaftari ya ndoa na talaka ya kadhi yanajaza yaliyobaki.

Upande wa serikali nitakuwa mfupi, kwa kuwa serikali yenyewe ilikuwa fupi kwetu. Sheria ya vizazi na vifo ya Tanganyika ni ya 1920. Iliwalazimisha Wazungu na Waasia kuandikisha. Mwafrika hakulazimishwa, na lazima ikasambazwa polepole wilaya kwa wilaya. Kwa hiyo familia ya Kigoa ya Tanga ya 1935 inaweza kuwa na vyeti vya kila mtoto, na ya dobi wao isiwe na hata kimoja. Kenya ilikuwa na sheria ya 1928, na lazima kwa Waafrika ilienezwa nchi nzima kati ya 1963 na 1971. Mwenye haja ya Mwafrika kwa jina alikuwa bwana kodi na bwana shamba. Kodi ya kibanda ya Wajerumani ilianza 1898, na Kenya, baada ya vita vya kwanza, ikamvisha kila mwanamume kipande shingoni, kadi yenye jina, alama za vidole, kabila na waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma. Kama kikopo cha babu bado kipo kwenye sanduku la nyumbani, unacho kitu ambacho ofisi nyingi hazina. Stakabadhi za kodi nazo zisichomwe.

Vyeti vya kuzaliwa vya Tanzania vina mtego mmoja unaopaswa kujulikana. Hadi sensa ya 2012 chini ya mtu mmoja kati ya watano walikuwa na cheti. Kampeni ya kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano kwenye kata na vituo vya afya ilianza 2013. Maana yake watu wazima wengi walipata cheti chao RITA, wakala wa usajili wa serikali, wakiwa na miaka thelathini, arobaini, walipohitaji pasi ya kusafiria au mkopo. Walipeleka nini kama ushahidi? Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, kiapo cha mzazi. Sasa mtafutaji anakuta cheti cha serikali na cha kanisa vyote vinasema 1 Januari 1948, anafurahi kwamba vyanzo viwili vinakubaliana. Ni chanzo kimoja kilichonakiliwa. Hiyo 1 Januari yenyewe ni dalili ya karani aliyepewa mwaka bila siku.

Tarehe za wazee hutafutwa kwa matukio. Kabla ya kwenda parokiani, keti na mkubwa wa ukoo umuulize: wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, alikuwa amezaliwa? Wakati wa vita vya Mjerumani alikuwa anachunga? Kwa Wagogo uliza Mtunya, njaa ile ya 1917 hadi 1920. Mtu anayesimuliwa kwamba "alibebwa mgongoni wakati wa Mtunya" umeshampatia mwaka, bora kuliko tarehe ya karani. Uliza pia kijiji kilikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Jina la mahali lililoko kitabuni huenda leo ni pori lenye miembe, na wanaokumbuka hivyo wanazidi kupungua.

Chanzo ambacho watu hukisahau kipo mahakama ya mwanzo. Mtu akifa na mali, ukoo hukaa kikao, muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anateuliwa na warithi wanaorodheshwa kwa majina, pamoja na wale wa nyumba ndogo waliojitokeza kwenye arobaini. Faili la mirathi la baba mkubwa aliyefariki 1984 linaweza kuwa na mti wa ukoo ulioandikwa na watu waliokuwa wanagombana, na wagombanao hawasahau mtu. Kesi za zamani za mahari na mipaka nazo ni hivyohivyo: baba wa binti anatajwa, ng'ombe wanatajwa mmoja mmoja.

Vitabu vya parokia si mali ya umma. Vina watoto wasioandikwa baba, vina ndoa zilizotenguliwa, vina majina ya watu walio hai. Usifike Jumapili baada ya misa na simu mkononi ukitaka kupiga picha. Nenda siku ya kazi, pitia kwa katekista au mwenyekiti wa jumuiya anayeijua familia, beba majina na miaka uliyonayo kwenye karatasi, na kubali asome yeye. Na ukikuta "pater ignotus", baba hajulikani, kwenye mstari wa mzee anayeheshimika, fikiri kwanza ni nani anapaswa kulisikia hilo, kabla hujalitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kila unachopata kiandike pamoja na mahali ulipokipata, na ulichokisia kitenge na ulichokisoma. Mfano, wa kubuni, wa namna mstari mmoja wa daftari lako unavyoweza kuonekana:

"Bibi mzaa baba. Veronika. LB 1147, parokia mama, kitabu cha 2. Kabatizwa mkesha wa Pasaka 1926, circiter 18. Baba: Luhende (si Mkristo). Mama: hakuandikwa. Msimamizi: Agata, mke wa mwalimu. Pembezoni: ndoa 1927, LM 212, mume Petro (ona ukurasa wa Masanja). Shangazi anasema mama yake Veronika aliitwa Kabula na alitoka ng'ambo ya ghuba. Sijaliona popote kwa maandishi. Kumuuliza tena kabla ya masika."